Uzi Ukilia Vibaya, Sikiliza Kwanza

Katika ukumbi wa dansi watu huja kwa ajili ya mwimbaji, na wakirudi nyumbani humsifu mpiga solo. Mcharazaji wa gitaa la besi husimama nyuma, karibu na ngoma, na wachezaji wengi hawamjui hata kwa sura. Hata hivyo sauti yake ndiyo inayoiambia miguu mahali pa kukanyaga. Ikinyamaza kwa nusu dakika, ukumbi mzima huhisi kwamba kuna kitu kimeondoka, ingawa ni wachache watakaoweza kukitaja. Na sauti hiyo ikitoka vibaya, uzi ukikwaruza au ukatoa mlio mfupi uliozimika kama kopo lenye mchanga, lawama humwendea mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeshika gitaa.

Jumapili hii nataka tuizungumze sauti hiyo mbaya pamoja na lawama inayoifuata. Gitaa la besi leo halimo katika kumbi za dansi peke yake. Limeingia makanisani, shuleni na katika vikundi vya vijana mitaani, na huenda katika familia ya msomaji yumo kijana anayelipiga au anayetamani kulipiga. Kijana huyo siku moja ataambiwa kwamba hana mkono wa muziki. Ni vema nyumbani kwake awepo mtu anayejua kwamba maneno hayo yanaweza kuwa kweli na yanaweza kuwa si kweli, na kwamba ipo njia ya kulithibitisha jambo hilo.

Gitaa la besi la umeme si chombo cha kale. Lililoenea duniani ni lile ambalo Leo Fender wa Marekani alilitoa mwaka 1951 na kulipa jina la Precision Bass. Kabla ya hapo wapigaji wengi walitumia besi kubwa la mbao, lililowazidi wao wenyewe kimo, ambalo shingo yake haina alama, nacho kidole hutafuta sauti kwa kuzoea. Fender alipiga shingoni vipande vyembamba vya chuma, yaani freti, ili kidole kipate sauti sahihi bila ya kubahatisha. Hapa kwetu gitaa hilo lilikuwa nguzo ya bendi zetu kubwa, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Katika bendi nyingi za aina hiyo vyombo vilikuwa mali ya chama au shirika, na mwanamuziki alipohama aliviacha. Kwa hiyo mcharazaji alilazimika kujifunza tabia za gitaa ambalo hakulichagua, na maarifa ya wazee wetu yalizaliwa katika hali hiyo.

Nyuzi za besi ni nne. Kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba huitwa E, A, D na G, na zikilinganishwa ipasavyo hutetemeka takribani mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Urefu wa uzi unaotetemeka, katika magitaa mengi, ni kiasi cha sentimita 86. Uzi mrefu na mzito namna hiyo huhitaji nafasi kubwa ya kuchezea, hata jicho huuona ukipanda na kushuka. Kwa sababu hiyo kasoro ndogo ya shingo, ya freti au ya uzi wenyewe haifichiki katika besi. Husikika, tena husikika kwa watu wote.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 19. Mchana hupakia mizigo Kariakoo, na jioni hufanya mazoezi na bendi ya vijana wenzake huko Kinondoni. Gitaa lake alilinunua la mtumba, kwa fedha alizoziweka kidogo kidogo mwaka mzima. Jioni moja wakati wa masika alifika nyumbani kwangu Magomeni akiwa na gitaa mgongoni na bahasha mkononi. Baada ya shikamoo alikaa kimya kwa muda mrefu, na si desturi yake. Kisha akanieleza kwamba kiongozi wa bendi amemwambia mbele ya wenzake kwamba mkono wake ni mzito, na kwamba sauti isipotengemaa kabla ya harusi ya Jumamosi iliyofuata, nafasi yake angepewa mwingine. Alipojaribu kusema kwamba pengine gitaa lina walakini, alijibiwa kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Ndani ya bahasha zilikuwamo fedha za kununulia nyuzi mpya. Zilikuwa fedha za kodi ya chumba.

Methali hiyo ni nzuri, nayo inamfaa mvivu. Lakini kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani, karakana au ofisini anajua kwamba hutumiwa pia na msimamizi asiyetaka kuuangalia mpini. Jembe lililolegea humchosha hata mkulima hodari, na akishachoka huambiwa kwamba hana nguvu. Swali ni namna ya kujua kama walakini uko katika jembe au katika mkono.

Mimi si mwanamuziki. Lakini kazi ya uandishi wa habari humjulisha mtu kwa watu wengi, na miaka michache iliyopita nilihojiana na mzee mmoja aliyecharaza besi zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu. Anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Tulimkuta barazani.

"Mzee, nyuzi zimekufa," mpwa wangu alimwambia. "Nimekuja na fedha za kununua nyingine."

"Nani amezipima mapigo ya moyo?" mzee aliuliza. Akaagiza kiti kiletwe, akamketisha kijana, na kumwamuru apige bila ya kuunganisha gitaa na umeme. Yeye mwenyewe aliinama akaegemeza sikio kwenye pembe ya gitaa, juu ya ubao mtupu. Alinieleza baadaye kwamba ubao hausemi uongo. Amplifaya, waya na spika huongeza maneno yao wenyewe, na asiyevitenganisha kwanza hajui anamsikiliza nani.

Kijana alipokuwa akipiga, mzee aliuliza maswali manne, nami niliyaandika. Je, sauti mbaya iko katika nyuzi zote, au katika uzi mmoja? Je, iko uzi unapopigwa wazi, au unapobanwa tu? Je, iko mahali pamoja shingoni, au kila mahali? Na mwisho, je, inasikika bila umeme, au husikika spikani tu? Kwa majibu ya maswali hayo manne, alisema, mtu anaweza kuujua mlango wa ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Na kanuni yake ya pili ilikuwa kwamba hurekebishwa kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha husikilizwa tena. Anayebadili vitu vitatu kwa pamoja, hata akipona, hajui kilichomponya.

Ilibainika kwamba gitaa la mpwa wangu halikuwa na ugonjwa mmoja. Lilikuwa na magonjwa matatu, kila moja na tabia yake.

La kwanza lilikuwa katika uzi mnene, yaani E. Huo ulilia vibaya ukiwa wazi na ukiwa umebanwa, mahali pote. Sauti yake iliyumba kama ya watu wawili wanaoimba wimbo mmoja bila kupatana. Mzee hakuuhukumu kufa. Aliulegeza, akaitoa ncha iliyofungwa juu kichwani, akauacha uning'inie. Uzi ule ukajizungusha wenyewe hewani mara mbili, kama kamba ya kisima inapoachiwa. Aliyeufunga mara ya kwanza, alisema, aliusokota bila kujua. Uzi wa besi ni waya wa ndani uliozungushiwa waya mwingine juu yake, na ukifungwa huku umesokotwa haupati kutetemeka kwa unyofu. Aliufuta kwa kitambaa cha pamba, akaufunga upya, na sauti ikarudi nene na safi. Gharama yake haikuzidi kitambaa.

La pili lilikuwa mkwaruzo. Ulisikika katika nyuzi zote, lakini penye freti nne za mwanzo tu. Kuanzia ya tano na kuendelea haukuwapo. Mzee aliomba kadi. Mezani palikuwa na kadi ya mchango wa harusi, na katika mji huu sijui meza isiyokuwa nayo. Alimwambia kijana abane uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha akajaribu kuipitisha kadi kati ya uzi na freti ya 7. Haikupita. Shingo ya gitaa haitakiwi kunyooka kama rula. Hutakiwa kuinama mbele kidogo sana, kiasi cha unene wa kadi hiyo, ili uzi upate nafasi ya kutetemeka. Mbao hunywa unyevu na kukauka, na gitaa hilo lilikuwa limeegemezwa ukutani masika nzima. Ndani ya shingo umo ufito wa chuma unaorekebisha mkunjo huo. Mzee aliuzungusha kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, robo ya mzunguko tu, upande wa kulegeza. Halafu alilaza gitaa, akatuagizia chai. Mbao, alisema, haiamrishwi. Huelezwa jambo, ikaachwa ifikiri. Baada ya chai nyuzi zililinganishwa upya, kadi ikapita, na mkwaruzo ukawa umekwisha.

La tatu ndilo lililokuwa zito, kwa sababu ndilo lililomletea kijana hukumu. Katika uzi mwembamba, yaani G, alipobana freti ya 6, sauti ilianza vizuri kisha ikafa ghafla, kama mshumaa uliopulizwa. Freti ya 4 ililia vizuri. Ya 9 ililia vizuri. Hiyo ya 6 tu haikukubali, na wimbo wao mkuu ulikuwa ukiipitia sauti hiyo karibu katika kila ubeti. Mpwa wangu alikuwa ameibana kwa nguvu zaidi na zaidi mpaka kidole kikaota sugu. Kiongozi wake aliuona mkono unaokakamaa, akauita mkono mzito.

Mzee aliisikiliza mara tatu, akacheka. Akamtuma mtoto kwa seremala jirani akaazime klampu ndogo ya chuma. Aliifunga kwenye kichwa cha gitaa, akiwa ameweka kipande cha kitambaa ili isichubue rangi, na kumwambia kijana apige tena. Sauti ya freti ya 6 ikatoka ndefu na imara. Uso wa mpwa wangu ukang'aa. "Sasa piga freti ya 5," mzee akasema. Hapo ndipo sauti ikafa.

"Ugonjwa haukuondoka," alisema. "Umehama nyumba."

Maelezo yake yanakubaliana na fizikia. Shingo ya gitaa nayo ni ubao mrefu ulioshikwa upande mmoja, na kama ubao wo wote ina mtetemo wake inaoupenda. Sauti ya uzi inapofika katika mtetemo huo, shingo huanza kutetemeka pamoja nayo na kuinyang'anya nguvu, na uzi hunyamaza mapema. Katika magitaa mengi ya besi ya muundo wa Fender mahali hapo huwa katika uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7. Ukiongeza uzito kichwani, mtetemo wa shingo hubadilika na mahali penye kifo pakasogea, lakini hapafutiki. Nyuzi mpya zisingeponya jambo hilo, wala kubana kwa nguvu, wala kodi ya chumba.

Dawa yake ni ya akili. Sauti ileile ya uzi wa G freti ya 6 hupatikana pia katika uzi wa D, freti ya 11. Mzee alimwonyesha kijana namna ya kuupanga mkono ili afike pale bila kuruka, akamfanyisha mara nyingi mpaka adhana ya magharibi. Kila gitaa lina mahali pake pabaya, alisema, na mcharazaji mzuri ni yule anayepajua na kupazunguka, hata msikilizaji asipate kujua kamwe.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa haki, hakumwacha kijana aondoke na ushindi mtupu. Alikishika kidole chake cha shahada akakiweka shingoni. "Hapa pana sehemu yako," alimwambia. Kijana alikuwa na mazoea ya kubana uzi katikati ya freti mbili, na wakati mwingine karibu na ile ya nyuma. Kidole hutakiwa kukaa nyuma kidogo tu ya freti inayotakiwa kulia. Kikikaa mbali nayo, uzi hukwaruza hata katika gitaa jipya, na mkono hutumia nguvu maradufu. Mpwa wangu aliyapokea maneno hayo kwa utulivu ambao sikuutazamia. Nadhani ni kwa sababu yalikuja mwisho, baada ya gitaa nalo kusikilizwa. Mtu hukubali sehemu yake ya kosa kwa urahisi anapoona kwamba hakubebeshwa na isiyokuwa yake.

Katika mazoezi yaliyofuata kiongozi wa bendi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, hakusema neno, akaagiza wimbo mwingine. Wanaozijua bendi watakueleza kwamba kimya cha namna hiyo ni sifa kubwa. Harusini kijana alipiga, na bahasha ilikwenda kwa mwenye nyumba.

Wapo watakaouliza kama nyuzi hazifi kweli. Zinafa. Jasho, mafuta ya vidole na vumbi hujaa katika mikunjo ya waya wa juu, uzi ukawa mzito mahali pamoja kuliko pengine, na sauti zake za juu zikazimika au kupotoka. Dalili yake ni kwamba nyuzi hufifia zote pamoja, kidogo kidogo, kila mahali. Si freti moja, wala si usiku mmoja. Wanamuziki wengi wamewahi kuzichemsha katika maji kwa dakika chache, kuzikausha sawasawa na kuzirudisha. Njia hiyo hutoa uchafu na kuurudisha mng'ao wa sauti, lakini kwa muda mfupi tu, na zisipokauka vizuri huota kutu. Ni bora kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga.

Upo na mtihani wa freti ya 12, ambayo iko katikati kabisa ya uzi. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubana, upige, usikilize mlio wake mwembamba kama wa kengele. Kisha ubane hapohapo na kupiga tena. Milio hiyo miwili hutakiwa kulingana. Ikiwa ule wa kubana uko juu zaidi, kipande kinachobeba uzi kwenye daraja, kule chini kifuani mwa gitaa, hurudishwa nyuma kwa bisibisi. Ikiwa uko chini, husogezwa mbele. Siku hizi programu za simu za mkononi huonyesha tofauti hiyo hata kwa asiyeiamini sikio lake. Aidha, sauti ikiyumba katika freti za juu peke yake, tazama kama sumaku zinazonasa mtetemo zimeinuliwa mno karibu na nyuzi, kwani sumaku ikisogea sana huuvuta uzi na kuuzuia kucheza. Na kama bila umeme sauti ni safi, liache gitaa. Mchunguze waya, amplifaya na spika.

Tena, chunguza na chumba. Mzee alitusimulia kwamba katika ujana wake alimaliza usiku mzima akiulaani uzi wa A, ambao kila alipoupiga ulizizima kama nyuki. Alfajiri, ukumbi ulipokuwa ukifagiliwa, mhudumu aliliondoa kreti la soda lililokuwa kando ya spika, na nyuki wakatoweka. Sauti nzito hutikisa cho chote kilicho karibu nayo: vioo vya madirisha, bati, chupa, hata nyaya zilizo chini ya ngoma ndogo.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mwanao akija na gitaa lililoharibika sauti, usikimbilie kumpa fedha, wala usikimbilie kumwambia kwamba kipaji hana. Mketishe mahali pasipo na kelele, umwulize yale maswali manne, uegemeze sikio lako kwenye ubao. Huhitaji kuijua noti hata moja. Uzi mmoja au zote, wazi au umebanwa, mahali pamoja au kila mahali, bila umeme au kwa umeme: hayo sikio la mtu ye yote linaweza kuyatambua katika robo ya saa. Kisha anzeni na kile kisichogharimu kitu, yaani kitambaa kikavu.